Unataka Namba Yangu ya Nini?

Daftari la wakala wa miamala ya simu lilikuwa na safu chache tu: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi na sahihi. Mteja aliyekuja kutoa fedha aliandika mstari wake chini ya mstari wa aliyemtangulia, akatia sahihi, akahesabu noti zake, akaondoka. Nilifanya kazi hiyo Magomeni kwa miaka kadhaa, baada ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008 na vibanda vya uwakala kuchipua kila kona ya Dar es Salaam. Kabla sijafungua ukurasa wowote wa sheria, daftari lile lilikuwa limeshanifundisha faragha ni nini.

Jirani na kibanda chetu palikuwa na saluni. Asubuhi moja binti aliyefanya kazi pale alikuja amefura. Usiku alikuwa amepigiwa simu na mwanamume asiyemfahamu, akamwita kwa jina lake kamili na kumtajia hadi kiasi cha fedha alichotoa jioni ile. Hatukuhitaji upelelezi kujua namba ilikotoka. Mteja aliyemfuata binti alikuwa ameusoma mstari wa juu wakati akiandika wa kwake.

Jioni habari hiyo ikahamia kijiweni kwetu, penye kahawa na kashata, ambapo kila jambo la mtaa hupata mahakama yake. Kijana wa bodaboda alisema namba ya simu si siri, mbona binti huwapa wateja wa saluni kila siku. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye sote tulimwamkia na kumwita Mwalimu tu, alisema mtu asiye na la kuficha angeikata simu akalala. Binti alikuwa anafunga saluni, akatusikia, akaja hadi kwenye benchi. "Shikamoo Mwalimu. Mimi sijaficha namba, nimeiandika kwa mkono wangu. Lakini nilimwandikia wakala ili nichukue hela yangu. Yule mwingine nani kampa?"

Tangu siku hiyo nimeshiriki mabishano mengi kuhusu teknolojia, sheria na maisha ya watu mtandaoni, na watu wazito, wakiwamo mawakili na maofisa wa serikali. Sijasikia hoja inayoizidi ile ya binti wa saluni. Mtu hutoa taarifa kwa ajili ya kazi fulani. Kazi hiyo ndiyo mpaka wake. Ikivuka mpaka, haidhuru ilikuwa siri au haikuwa siri, mwenye nayo amedhulumiwa. Tukianza mjadala kwa kuuliza "unaficha nini?", tunampandisha kizimbani mwenye taarifa. Tukianza kwa kuuliza "taarifa hii ilitolewa kwa kazi gani?", anayepaswa kujieleza ni yule anayeishika. Mjadala mzima wa faragha, kwa maoni yangu, unategemea nani anaulizwa kwanza.

Kesho yake baada ya mabishano yale ya kijiweni, tulikata kipande cha boksi, tukakitoboa tundu la upana wa mstari mmoja, tukakilaza juu ya daftari. Kila mteja aliandika kwenye tundu lake bila kuona ya mwenzake. Hakuna aliyelalamika tena. Boksi lile lilinipa funzo ambalo baadaye nimeliona likijirudia kwenye mambo makubwa zaidi: kifaa kilichotengenezwa vizuri humlinda hata mtu asiyejua kwamba analindwa, wakati sheria humlinda yule tu anayeijua na mwenye nafasi ya kuifuatilia. Vyote viwili vinahitajika, lakini ni vema tujue kila kimoja kinafanya nini.

Mabishano yalikolea wakati wa usajili wa laini. Usajili wenyewe ulianza Julai 2009, kisha ukatiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tarehe 1 Mei 2019 ukaja usajili wa alama za vidole, uliofungamanishwa na namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA. Muda wa mwisho ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na sote tunaikumbuka ile misururu ya watu wakiamkia kwenye ofisi za NIDA ili laini zao zisizimwe.

Mimi nilikuwa na wasiwasi na nikausema. Mwalimu alinijibu kwa ukali ambao sikuuzoea kwake. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amepokea ujumbe kwamba mjukuu wake aliyekuwa shule ya bweni amezidiwa, na fedha za matibabu zinahitajika haraka. Alituma. Mjukuu alikuwa mzima, na fedha hazikurudi. "Sasa wewe unaniambia habari za faragha," alisema. "Faragha ya nani? Ya mwizi?"

Hapo nilijifunza namna ya kubishana. Mtu anayekuambia kwamba faragha ni anasa mara nyingi ana jeraha lake, na jeraha hilo ni la kweli. Ukimjibu kwa ibara za Katiba kabla hujalitambua jeraha, umeshampoteza. Nilimwambia Mwalimu kwamba mwizi wake lazima apatikane, na kwamba laini isiyo na mwenyewe ni ngao ya matapeli. Katika hilo tulikuwa upande mmoja. Ndipo nilipomweleza nilichokuwa nakiona mtaani.

Wasajili walikaa chini ya miavuli na vifaa vyao vya kusomea vidole. Mteja aliweka kidole, akaambiwa hakijashika, aweke tena. Mara nyingine kweli kilikuwa hakijashika. Mara nyingine kile cha kwanza kilikuwa kimemsajilia laini yake, na cha pili kikasajili laini nyingine asiyoijua, ikaenda kuuzwa kwa mtu anayetaka kufanya uhalifu kwa jina la mwenzake. Tapeli aliyemlia Mwalimu fedha angeweza kabisa kusajiliwa kwa vidole halali, vya mama lishe wa Tandale ambaye hajawahi kutuma ujumbe wa aina ile. Na neno la siri likiibwa utalibadilisha, lakini kidole kikiibwa hakuna kingine cha kuweka badala yake.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la kiutendaji, kama walimu wazuri wanavyofanya: sasa mtu afanye nini? Nilimwonyesha namna ya kupiga *106# na kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kijiwe kizima kikatoa simu. Mmoja wetu alikuta namba ambayo hakuwahi kuimiliki. Tulimwonyesha pia kwamba namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda namba 15040. Jioni ile ubishi wa usalama dhidi ya faragha ulikwisha, kwa sababu tuliona kwa macho yetu kwamba uzembe ule ule uliochezea kidole cha mtu ndio uliompa mwizi laini. Anayelinda taarifa za watu vizuri anapunguza wizi. Mambo hayo mawili hayagombani kwa asili yake. Huwa yanagombanishwa na watu wanaotaka kukusanya bila kuwajibika.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia jambo hilo kwa njia ya mahakama. Serikali yao ilipoanzisha mfumo wa utambulisho wa Huduma Namba mwaka 2019, sheria iliyouzaa mfumo ule iliruhusu kukusanywa hata vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Januari 30, 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba vinasaba na vipimo vile haviruhusiwi kukusanywa, na kwamba mfumo wenyewe unaweza kuendelea pale tu utakapowekewa kanuni kamili za kuulinda. Napenda kuutaja uamuzi huo kwa watu wanaodhani kwamba kudai faragha ni kupinga maendeleo. Majaji hawakusema serikali isiwe na namba za wananchi. Walisema kila kinachochukuliwa kiwe na sababu, na kisicho na sababu kiachwe kwa mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, Nairobi hiyo hiyo ilishuhudia watu wakipanga foleni kwenye jumba la KICC ili mboni zao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takribani shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha kazi hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe. Siwalaumu waliopanga foleni. Mwenye njaa akipewa bei ya jicho lake, ridhaa yake ina maswali, na sheria nzuri ni ile inayoyauliza kwa niaba yake.

Ubishi mgumu kuliko yote ulihusu polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na ikaanza kutumika Septemba 1 mwaka huo. Mpwa wangu alikuwa anasoma sheria, na akija likizo alipenda kukaa nasi kijiweni. Alitusomea kifungu cha 32, kinachompa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana naye, uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa zinazohitajika kwa upelelezi azitoe. "Anko, ona," aliniambia, "mahakama inakuja pale tu mambo yanaposhindikana. Mwanzoni ni ofisa na karatasi yake."

Mwalimu aliuliza kama mpelelezi wa mauaji asubiri hakimu aamke ndipo apate namba ya muuaji. Ni swali la haki, na mpwa wangu hakulikwepa. Alisema dharura ya kweli iwekewe mlango wake, ofisa achukue taarifa na kupeleka maelezo mahakamani mara baada ya hapo. Kwa mambo mengine yote, aombe kwanza. Alitukumbusha kwamba Katiba yetu yenyewe haisemi faragha haiguswi. Ibara ya 16, iliyoingia pamoja na haki nyingine za msingi mwaka 1984, inamhakikishia mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, ya maskani yake na ya mawasiliano yake, kisha inaitaka mamlaka ya nchi itunge utaratibu wa sheria utakaoeleza katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Hali, namna na kiasi. Waliotunga ibara hiyo waliona mbali, kwa kuwa hata leo sijui kipimo bora cha kumwekea anayetaka kufungua simu ya mtu.

Kwa nini sharti la kuomba mahakamani lina uzito? Kwa sababu anayechunguzwa kesho anaweza kuwa mtu aliyefichua wizi wa mali ya umma. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu, na miongoni mwa mashtaka yalikuwamo ya kuzuia upelelezi kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi hizo na kutozwa faini ya shilingi milioni 3. Nililitaja jambo hilo kijiweni nikauliza: kama jina la mtoa habari linaweza kutolewa kwa amri ya ofisa, na anayetuhumiwa kwenye habari hiyo ana rafiki ofisini, nani atasema tena? Kijana wa bodaboda, ambaye siku ya kwanza alisema namba si siri, ndiye aliyejibu kabla yangu: "Hakuna." Tulikuwa tumetoka mbali.

Kisha ikaja mikopo ya simu, ile ambayo mtaani imeunganishwa na kila mkopo unaonyonya na kuitwa kausha damu. Hapo mjadala uliacha kuwa wa watu wachache, kwa sababu uliingia katika kila nyumba. Mimi nilipokea ujumbe uliosema kwamba mwanamke fulani ni tapeli, amekopa na kukimbia, na kwamba niliorodheshwa kama mtu wake wa karibu, nimshauri alipe. Sikuwa ndugu yake. Alikuwa mteja wangu, na namba yangu ilikuwa kwenye simu yake ili aniulize kama kibanda kipo wazi. Ujumbe huo huo ulimfikia mkuu wake wa kazi, mama mkwe wake na fundi aliyemshonea sare za watoto.

Namna jambo hilo linavyofanyika ni rahisi mno. Unapopakua programu ya mkopo inakuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako. Mtu ana shida ya ada au ya dawa, anabonyeza "kubali". Tangu hapo majina mia kadhaa yamehamia kwa mkopeshaji, na hayo ndiyo dhamana yake halisi. Aibu ndiyo anayoikamata. Lakini tazama ridhaa iliyotolewa hapo ni ya nani. Mkopaji alikubali kwa niaba yake mwenyewe. Mimi, mama mkwe na fundi cherehani hatukuulizwa na mtu yeyote.

Mwalimu alishika msimamo wake kwamba deni ni deni, na nilikubaliana naye kwa moyo wote. Yule mama alikopa na alipaswa kulipa. Ila wakopeshaji wana njia ya kudai: barua, mazungumzo, mahakama. Kumvua mtu heshima mbele ya wakwe zake hakumo katika njia hizo. Tulikaa na mama huyo, mpwa wangu akamsaidia kuandika barua kwa mkopeshaji, akieleza kwamba atalipa kwa awamu na kwamba taarifa za watu wasiohusika na mkopo zimetumika kinyume cha sheria. Ujumbe kwa jamaa zake ulikoma. Deni alilimaliza.

Sheria iliyotajwa kwenye barua ile ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kutoka 1984 hadi 2022 ni miaka 38, na muda wote huo ahadi ya ibara ya 16 ilikosa sheria kama hii. Imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwake. Moyo wake ni ile hoja ya binti wa saluni, safari hii imevaa lugha ya Bunge: taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na halali, ziwe zinazotosha kwa lengo hilo bila kuzidi, ziwe sahihi, zisikae kuliko muda unaohitajika. Mhusika ana haki ya kujua kilichopo juu yake, kudai kirekebishwe, kukataa kisitumike kumdhuru, na kulalamika kwa Tume.

Sheria peke yake haikuyamaliza mambo. Mei 2023 Google ilianza kuzikataza programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kusoma majina na picha za watumiaji. Sharti hilo moja liliziba tundu kwa mamilioni ya simu kwa mpigo, kama lile boksi letu la Magomeni. Lakini programu zinazopakuliwa nje ya duka hilo zilibaki na tundu wazi, na hapo dola inahitajika. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Nchini Kenya, kamishna wa ulinzi wa data alitoza faini mwezi Septemba 2023: mkopeshaji mmoja wa kidijitali shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kuwasumbua, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini kama hizo hufundisha haraka kuliko semina.

Baada ya miaka yote hii ya kubishana, nina msimamo. Usajili wa laini ubaki, na msajili anayechezea kidole cha mteja ashtakiwe kama mwizi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kirekebishwe, ili taarifa za mtu zifunguliwe kwa amri ya mahakama, na dharura iwe na utaratibu unaokaguliwa. Tume ipewe watu na fedha za kutosha kufika hadi Sumbawanga na Tandahimba, kwa maana huko nako watu wanakopa kwa simu. Na mikataba ya kubonyeza "kubali" iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama lishe ataelewa kabla sufuria haijaungua.

Lakini hakuna Tume itakayosimama kwenye kila kaunta, kila geti na kila mwavuli. Pale anasimama mwananchi na ofisa, na sheria inaamka pale tu mwananchi anapofungua mdomo. Kwa hiyo uliza. Wanakotaka namba yako, nakala ya kitambulisho chako au kidole chako, uliza kwa adabu na bila kuona haya: ni ya nini, nani mwingine ataiona, itakaa mpaka lini. Ofisi iliyojipanga itakujibu kwa maneno machache. Ikishindwa kujibu, basi bado haijastahili kukabidhiwa taarifa zako, na sheria ya nchi hii sasa iko upande wako unapokataa.